Miguu ya Akina Nicholas na Mkasi wa Hollywood

Mwaka 1943 studio ya Twentieth Century-Fox ilitoa filamu ya muziki iitwayo Stormy Weather. Hadithi yake ni nyepesi, na wengi walioitazama hawawezi kuisimulia. Lakini karibu na mwisho kuna kipande cha dakika chache ambacho wacheza dansi wanakirudia kukitazama hadi leo. Cab Calloway anaimba, bendi yake inapamba moto, na ndugu wawili weusi waliovaa makoti ya mkia na tai nyeupe wanatokea katikati ya wageni. Wanaruka kutoka jukwaa dogo moja hadi jingine kati ya wapiga ala, wanapanda juu ya piano, kisha wanaziendea ngazi pana nyeupe.

Hapo kwenye ngazi ndipo penye kazi. Mmoja anamruka mwenzake kichwani na kutua daraja la chini kwa msamba, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Kabla hajainuka, yule aliyerukwa naye anamruka, anatua kwa msamba daraja linalofuata, na hivyo hivyo hadi chini. Ukitazama kwa makini utaona kwamba kila wanapoinuka hawagusi sakafu kwa mikono. Wanaivuta miguu ikutane kwa nguvu ya mapaja, kiwiliwili kimesimama wima na uso unatabasamu, tena bila kuacha mdundo. Mpangaji wa dansi, Nick Castle, aliwashauri wasikifanyie mazoezi kipande hicho, na Fayard, mkubwa wao, alisimulia baadaye kwamba kamera iliwachukua mara moja tu, ikatosha. Fred Astaire, nyota mweupe wa dansi ambaye hakuwa mtu wa kugawa sifa ovyo, anatajwa kuwa aliwaambia hajawahi kuona dansi bora kuliko hiyo katika filamu.

Ndugu hao ni Fayard na Harold Nicholas. Ukitaka kujua maisha ya mcheza tapu katika sinema za muziki za Marekani yalikuwaje, fahari yake na uonevu wake, safari yao inatosha.

Tapu ni dansi inayosikika kabla haijaonekana. Chini ya kiatu, penye vidole na penye kisigino, hufungwa vibati vya chuma, na mchezaji huvigonga sakafuni hadi mguu ukawa ala ya muziki. Anayejua kucheza ngoma akiwa na njuga miguuni hahitaji maelezo marefu. Mizizi yake iko kwa Waafrika waliopelekwa Amerika utumwani. Baada ya uasi wa watumwa wa Stono wa mwaka 1739, sheria ya South Carolina ya mwaka 1740 iliwapiga marufuku watumwa kutumia ngoma, na midundo ikaendelea kwa makofi na nyayo. Katika karne ya 19 ilikutana mijini na dansi za wahamiaji kutoka Ireland. Mtaa wa Five Points, New York, ulikuwa mojawapo ya sehemu za makutano hayo, na ndiko Charles Dickens alikomwona kijana mweusi mcheza dansi aliyemwandika katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1842. Wengi wanaamini kijana huyo ni William Henry Lane, aliyejulikana kwa jina la Juba.

Sinema ilipopata sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, tapu ilipata bahati yake. Ilipata na kazi ya ziada. Maikrofoni za seti hazikunasa vizuri mlio wa viatu, kwa hiyo baada ya kupigwa picha mchezaji aliitwa studio ya sauti, akasimama juu ya ubao, akajitazama kwenye skrini na kurudia kila hatua ili mlio uoane na mguu. Dansi moja ikachezwa mara mbili, na mara ya pili bila kupigiwa makofi.

Fayard alizaliwa mwaka 1914, Harold mwaka 1921. Baba yao alipiga ngoma na mama yao piano, na bendi yao ilipiga katika ukumbi wa Standard, Philadelphia. Hakuna aliyempeleka Fayard shule ya dansi. Alikaa viti vya mbele akitazama wasanii wakija na kuondoka, akirudi nyumbani anajaribu alichokiona, akaongeza vyake, kisha akamfundisha mdogo wake. Kilichomtofautisha ni mikono. Wacheza tapu wengi waliiacha ining'inie tu. Yake ilichora hewani kila ambacho miguu ilisema.

Mwaka 1932 waliingia Cotton Club, Harlem. Wasanii wa klabu hiyo walikuwa weusi, wateja weupe, na msanii hakuruhusiwa kuketi na mteja. Kwa kuwa Harold alikuwa mtoto wa miaka 11, wao walifumbiwa macho. Humo ndimo mtayarishaji wa filamu Samuel Goldwyn alimowaona, akawaita Hollywood kwa ajili ya Kid Millions ya mwaka 1934. Broadway nako, mwaka 1937, George Balanchine, mtu wa baleti, aliwapangia dansi katika Babes in Arms. Watu walidhani wamesomea baleti, kwa jinsi walivyotua kwa wepesi.

Kisha ikaja mikataba ya Fox. Kati ya 1940 na 1943 walitokea katika filamu sita za studio hiyo, kuanzia Down Argentine Way, iliyowaleta pia Betty Grable na Carmen Miranda. Inasimuliwa kwamba katika kumbi fulani watazamaji walipiga kelele hadi mwendesha mashine akairudisha nyuma filamu ili dansi yao ionekane tena. Katika Sun Valley Serenade ya mwaka 1941 walicheza na Dorothy Dandridge, ambaye Harold alimwoa mwaka uliofuata. Katika Orchestra Wives ya mwaka 1942 Harold anaukimbilia ukuta, anaupanda kwa hatua, anapiga samasoti ya kinyumenyume na kutua kwa msamba. Miaka kumi baadaye Donald O'Connor alipanda kuta katika Singin' in the Rain, na ni yeye anayekumbukwa na wengi.

Sasa angalia wamewekwa wapi ndani ya filamu hizo. Wanaingia bila jina, hawazungumzi lolote la maana na mhusika mkuu, wanacheza, wanatoka. Haikuwa kwa sababu hadithi ilikosa nafasi. Studio zilijua kwamba kumbi nyingi za majimbo ya Kusini hazikutaka kumwonyesha mtu mweusi katika nafasi ya heshima, kwa hiyo kipande cha msanii mweusi kilitengenezwa kikiwa peke yake, kiweze kukatwa kwa mkasi pasipo hadithi kupwaya. Mwimbaji mweusi Lena Horne alitendewa hivyo hivyo katika filamu za studio ya MGM. Stormy Weather iliwaepusha na hilo kwa kuwa waigizaji wake wote wakuu walikuwa weusi, na filamu za namna hiyo zilizotolewa na studio kubwa zilikuwa za kuhesabika.

Walinganishe na Astaire. Yeye alipewa mpenzi wa kumwimbia, ugomvi, suluhu, na dansi iliyotokana na hayo yote. Alikuwa na uwezo wa kudai kamera imwonyeshe mwili mzima, kichwa hadi kiatu, bila kukatizwa. Kwa macho ya mwandishi huyu, hasara kubwa haiko upande wa dansi, maana hata katika dakika walizopewa akina Nicholas walicheza hadi basi. Iko kwa Harold, aliyekuwa na sauti nzuri, sura ya kuvutia na mzaha wa kuzaliwa nao. Huyo angeweza kubeba filamu nzima, lakini Hollywood haikumjaribu alipokuwa kijana.

Nafasi ya kucheza na nyota mweupe bega kwa bega waliipata mwaka 1948, katika The Pirate ya MGM, walipocheza na Gene Kelly wimbo wa Cole Porter. Watatu wanapeana mikono, wanabebana, wanacheza kama watu sawa. Kipande hicho kikakatwa katika baadhi ya kumbi za Kusini. Wimbo wenyewe unarudi mwishoni mwa filamu ukiimbwa na Kelly na Judy Garland, kwa hiyo mkasi haukuacha pengo.

Baada ya hapo Hollywood ilikaa kimya, nao wakavuka bahari. Mwaka huohuo walicheza London mbele ya Mfalme George wa Sita. Harold aliishi Ufaransa kwa miaka, akiimba na kucheza katika klabu. Nyumbani televisheni ilikuwa ikiwatoa watu kwenye kumbi za sinema, na filamu kubwa za muziki zikaanza kupungua.

Heshima iliwafikia wakiwa wazee. Fayard alikuwa miongoni mwa wapangaji wa dansi wa onyesho la Broadway la Black and Blue waliopewa Tuzo ya Tony mwaka 1989, na mwaka huohuo Harold aliigiza katika filamu ya Tap pamoja na Gregory Hines na Sammy Davis Jr. Mwaka 1990 Janet Jackson aliwaweka wote wawili, pamoja na Cab Calloway, katika video ya wimbo wake Alright. Mwaka uliofuata walitunukiwa heshima ya Kennedy Center. Harold alifariki mwaka 2000. Fayard, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga baada ya miaka mingi ya misamba, alifariki mwaka 2006.

Na vile vipande? Kwa kuwa vilitengenezwa viweze kunyofolewa, vinatosha dakika chache za kwenye simu. Leo mtu anaweza kutazama hata zile ngazi za Stormy Weather kwenye intaneti mara kumi kwa siku bila kujua hata kwamba Bill Robinson na Lena Horne ndio walioibeba filamu yenyewe.