Sahani ya Mtoto na Uwanja wa Shule ni Sehemu ya Ulinzi

Kila askari aliyepita katika kambi ya mafunzo analijua jambo hili bila ya kuambiwa na daktari. Mkufunzi hawezi kumkimbiza kuruta mwenye njaa siku nenda siku rudi, kisha akatazamia kupata mpiganaji. Mpishi naye, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kumfanya mtu awe askari kwa kumshibisha tu. Jiko na uwanja wa gwaride ni ndugu wawili; mmoja akikosekana, kazi ya mwenzake hupotea bure.

Yaliyo kweli kwa kuruta wa miaka ishirini ni kweli zaidi kwa mtoto wa miaka minane. Kuruta hudhoofika akiwa amekwisha kukua, bali mtoto hudhoofika wakati mifupa yake, damu yake na ubongo wake vingali vinajengwa. Leo, basi, tunataka kueleza namna nchi jirani zinavyoshughulikia chakula na mazoezi ya watoto shuleni, na kwa nini jambo hilo, ambalo wengi hulihesabu kuwa la walimu na akina mama, linamhusu pia askari aliyeko kambini, kituoni au mpakani.

Hatusemi jambo jipya. Uingereza ilipopigana na Makaburu huko Afrika Kusini kati ya mwaka 1899 na 1902, wakuu wa jeshi lake walishtuka kuona vijana wengi wa mijini wakikataliwa walipojitolea kujiunga, kwa kuwa miili yao ilikuwa imedumaa na haina nguvu. Mwaka 1904 kamati iliyoundwa kuchunguza jambo hilo ilitoa taarifa yake, na mwaka 1906 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuziruhusu serikali za mitaa kuwapa chakula watoto wa shule. Vivyo hivyo Marekani: mwaka 1946, mara baada ya Vita Kuu ya Pili, ilitunga sheria ya chakula cha mchana mashuleni, na sheria yenyewe ikatamka wazi kwamba hiyo ni hatua ya usalama wa taifa. Mataifa hayo yalitambua, baada ya kulipa gharama kubwa, kwamba kuruta haanzi siku anapovaa magwanda. Huanza siku anapokaa mbele ya bakuli la uji darasa la kwanza.

Sasa tuwatazame jirani zetu.

Nchini Kenya safari hii ina zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba watoto wa shule za msingi watapewa maziwa bure, nayo yakajulikana nchi nzima kwa jina la Maziwa ya Nyayo. Mwaka 1980 Serikali ya Kenya, kwa kushirikiana na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ilianza kuwapa chakula cha mchana watoto wa wilaya zenye ukame. Mpango wa maziwa ulizorota katika miaka ya 1990, na hapo pana funzo la kwanza: ahadi ya chakula ni nyepesi kutamka, bali kuitimiza kila siku ya shule, mwaka baada ya mwaka, kunahitaji hazina iliyotengwa na watu waliopangwa.

Kenya ilijifunza. Mwaka 2009 ilianzisha mpango wake yenyewe, ambao shule zilipewa fedha na Serikali ili zinunue chakula kilicholimwa nchini, badala ya kungojea meli ya msaada. Kidogo kidogo shirika la kigeni likakabidhi shule zilizobaki, na kufika mwaka 2018 makabidhiano hayo yalikuwa yamekamilika. Askari ataelewa upesi maana ya hatua hiyo. Kikosi kinachotegemea akiba ya mtu mwingine si kikosi huru. Siku mwenye akiba akibadili nia, vita vimekwisha. Zaidi ya hayo, gunia la mahindi likinunuliwa kwa mkulima wa nchini, fedha ile ile humlisha mtoto na kumwinua mkulima.

Mwaka 2023 Jiji la Nairobi nalo likaanzisha mpango wa majiko makubwa kwa ajili ya shule zake za msingi, likishirikiana na shirika la Wakenya liitwalo Food4Education. Mzazi alitakiwa kuchangia shilingi 5 za Kenya kwa mlo mmoja, na gharama iliyobaki ikabebwa na wengine. Mtoto huvaa kibangili chenye kifaa cha elektroniki. Akifika kwenye zamu ya chakula hukigusisha kwenye mashine, hupokea sahani yake na kwenda zake. Hakuna fedha mkononi, hakuna karani wa kuuliza nani amelipa na nani hakulipa, wala mtoto maskini haonekani kuwa maskini mbele ya wenzake. Heshima ya mtoto imelindwa pamoja na tumbo lake.

Rwanda nayo imekwenda mbali. Mwaka 2021 iliupanua mpango wake wa chakula uwafikie wanafunzi wa shule za msingi pia, badala ya kuishia kwa wale wa sekondari. Kuanzia mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2022, mzazi wa mtoto wa shule ya msingi ya Serikali aliwekewa mchango wa faranga 975 kwa muhula mzima, Serikali ikibeba mzigo uliobaki, ambao ni mkubwa mara nyingi kuliko huo. Kwa njia hiyo mzazi hakuachwa awe mtazamaji, wala hakutwishwa mzigo usiobebeka.

Uganda ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya Elimu ya mwaka 2008 inakihesabu chakula cha mwanafunzi kuwa ni wajibu wa mzazi. Si jambo baya kumkumbusha mzazi wajibu wake. Lakini sheria haipiki. Pale ambapo mzazi hana kitu, au anacho na hajali, anayeadhibiwa si yeye. Anayeadhibiwa ni mtoto anayesinzia kwenye dawati saa nane mchana.

Ndugu wasikilizaji, yatupasa pia kueleza ni chakula gani tunachokisema, maana si kila kinachojaza tumbo hujenga mwili. Makande, ambayo jirani zetu wa Kenya huyaita githeri, ni mfano mzuri. Mahindi hutoa nguvu, lakini utomwili wake una upungufu. Maharage yana kile ambacho mahindi hayana, na mahindi nayo huyafidia maharage. Vikipikwa pamoja, chakula cha bei ndogo huukaribia ubora wa nyama. Ukiongeza mchicha na kipande cha papai au chungwa, mtoto hupata vitamini zinazousaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Madini hayo ndiyo yanayojenga damu, na mtoto mwenye upungufu wa damu hachoki kwa uvivu, bali moyo wake unafanya kazi ya wawili. Kinyume chake, chai ya rangi inywewapo pamoja na chakula huyapunguza madini hayo kabla mwili haujayapata.

Adui wa pili ni mgeni, naye huingia akiwa amevaa nguo za sherehe. Ni soda, pipi, biskuti na viazi vya kukaanga vinavyouzwa kwenye lango la shule. Zamani tulipigana na utapiamlo wa ukosefu tu. Leo katika miji ya Afrika Mashariki nyumba moja huweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mzazi mwenye kisukari. Uchunguzi wa afya ya jamii wa Kenya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, ilhali mwaka 2014 walikuwa 26. Rwanda nayo ilishuka kutoka 38 katika mwaka 2014 na 2015 hadi 33 katika mwaka 2019 na 2020. Hayo ni maendeleo. Lakini itakuwa hasara iliyoje tukimwokoa mtoto kutoka katika njaa, kisha tukamkabidhi kwa shinikizo la damu!

Ndiyo sababu hatuwezi kusema sahani tukanyamaza juu ya uwanja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za mazoezi yanayoupandisha mwendo wa moyo. Mtoto wa kijijini anayetembea kwenda shule, anayechota maji na kucheza mpira jioni, huzipata bila ya kuhesabu. Mtoto wa mjini anayepelekwa kwa gari na kurudi kukaa mbele ya televisheni hazipati, isipokuwa shule imtengee uwanja na muda.

Na uwanja una maadui wake. Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road mjini Nairobi walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Tarehe 19 ya mwezi huo, wakiwa pamoja na watu wazima waliowaunga mkono, waliusukuma ukuta ule ukaanguka. Polisi waliotumwa kuulinda walifyatua mabomu ya machozi katikati ya watoto waliovaa sare za shule, na picha zake zikaonekana dunia nzima. Serikali ya Kenya iliwaomba radhi watoto wale, afisa wa polisi aliyesimamia kazi ile alisimamishwa, na uwanja ukarudishwa kwa shule.

Hatulitaji tukio hilo kwa kumcheka jirani. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Yamkini askari waliotumwa siku ile nao walikuwa na watoto shuleni. Lakini walipewa amri ya kuulinda ukuta, na hapakuwa na mtu aliyeuliza kwanza ukuta ule umesimama juu ya haki ya nani. Polisi hulinda mali, na uwanja wa shule ni mali. Wenyewe ni wadogo, hawana wakili wala hati mfukoni, na kwa sababu hiyo hasa wanahitaji kulindwa zaidi.

Sisi Watanzania hatuanzi na mikono mitupu. Mchakamchaka wa alfajiri, watoto wakikimbia kwa nyimbo kabla ya kengele ya darasa, uliwalea wengi wanaotusikiliza sasa. Michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA imewatoa vijana wengi walioingia katika timu za majeshi yetu. Lakini kumbukumbu nzuri haimkimbizi mtoto wa leo, na mchakamchaka wa mtoto ambaye hakula tangu jana usiku si mazoezi. Ni adhabu.

Askari, basi, afanye nini? Kwanza, aanze na nyumba yake katika kota. Mtoto wake aende shule akiwa amekula, na fedha ya soda igeuzwe iwe ndizi au karanga. Pili, pale kambi inapopakana na shule, ujuzi wa mazoezi tulionao usifungiwe ndani ya ua. Mwalimu mkuu akiomba mkufunzi wa kuwanyoosha watoto viungo, mkuu wa kikosi alitazame ombi hilo kwa moyo mweupe. Tatu, askari polisi alijue eneo lake, na ajue mipaka ya viwanja vya shule zake kama anavyoijua mipaka ya lindo lake.

Baada ya miaka kumi au kumi na mitano, mtoto anayepanga foleni leo na bakuli mkononi atakuja kusimama kwenye lango la kambi akiomba kujiunga. Daktari wa jeshi atampima urefu, uzito, macho na moyo. Atakayoyaona siku hiyo yatakuwa yamekwisha kuandikwa zamani, katika jiko la shule na katika uwanja wake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na taifa huja kulindwa na wale wale liliowalea.