Pedi ya boneti kwenye gari la zamani: ziba oili kwanza

Na Mwandishi Wetu, Kigali

Mwenye Peugeot 504 au Toyota ya zamani akimaliza kupiga rangi, swali linalofuata huwa moja: abandike pedi chini ya boneti au aache bati wazi? Fundi wa rangi ana sababu ya kusema bandika, maana joto la injini huchosha rangi. Fundi wa injini naye ana sababu ya kusema acha. Katikati yao yupo mfanyabiashara anayejiuliza kama bidhaa hiyo inafaa kuvushwa mpaka hadi kwenye gereji za Gatsata.

Pedi nzuri hufanya kazi tatu. Hupunguza joto linalofika kwenye bati na rangi, hupunguza kelele ya injini, na huzuia bati jembamba la boneti lisitetemeke. Haifanyi kazi ya nne ambayo wengi huitarajia, yaani kupoza injini. Joto likizuiwa lisipite kwenye bati, hubaki mlemle ndani.

Hilo lina uzito Kigali. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Petroli nayo hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Gari la kabureta likipanda kilima na mzigo, kisha likazimwa likiwa la moto, petroli inaweza kuchemka kwenye mrija na gari likakataa kuwaka. Kwa gari la namna hiyo, fedha ya pedi iende kwanza kwenye rejeta na mfuniko wake, feni, thermostati, na kuusogeza mrija wa petroli mbali na ekzosi.

Hatari kubwa zaidi ni moto. Injini ya miaka 40 au 50 mara nyingi huvuja, na sponji hunywa kila inachokutana nacho. Pedi iliyolowa oili na petroli, ikining'inia juu ya manifoldi ya ekzosi, ni utambi unaosubiri cheche. Basi kanuni ya kwanza ni hii: kama injini inavuja, usibandike chochote. Badilisha gasketi na mipira ya petroli, osha injini, endesha wiki mbili, kisha fungua boneti uangalie. Ikiwa bado kavu, ndipo uzungumze habari za pedi.

Kanuni ya pili inahusu malighafi. Sponji ya godoro iliyokatwa na kufunikwa karatasi ya kung'aa ni rahisi na inapendeza machoni, lakini huwaka upesi na moshi wake ni sumu. Pedi ya kufaa hutengenezwa kwa nyuzi za kioo au sponji maalumu isiyoshika moto. Kabla ya kulipa, omba kipande kidogo, kipeleke uwanjani na ukiguse kwa kiberiti cha gesi. Kikidondosha matone ya moto au kikiendelea kuwaka baada ya kuondoa kiberiti, rudisha mzigo. Na kama gari bado lina pedi yake ya miaka mingi, usiichane kavu kwa mkono: baadhi ya pedi za zamani zilikuwa na asbestosi, ambayo vumbi lake huharibu mapafu.

Kanuni ya tatu ni nafasi. Kanda donge la unga, liweke juu ya chujio la hewa na juu ya vichwa vya betri, funga boneti taratibu, kisha fungua upime unene uliobaki. Pedi ikishatoa unene wake, ibaki nafasi ya sentimita 2 hivi. Karatasi ya alumini ikigusa vichwa vya betri hupiga shoti.

Hapa mfanyabiashara wa mpakani ana jambo lake la kuangalia. Rwanda usukani uko kushoto. Kenya, Uganda na Tanzania uko kulia. Boneti inaweza kuwa ileile, lakini silinda ya breki na vifaa vingine chini yake huhama upande. Pedi iliyokatwa kwa kipimo cha gari la Nairobi isiuzwe Kigali bila kupimwa upya. Volkswagen ya mgongo wa kobe ndiyo kabisa: injini iko nyuma, na mbele kuna tangi la petroli. Injini hiyo hupozwa kwa hewa, kwa hiyo ukiziba matundu ya mfuniko wa nyuma unainyima pumzi.

Kuhusu ushuru, cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki hutumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, na kwa bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya. Pedi iliyotoka ng'ambo haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu ilinunuliwa Kirinyaga Road, wala ya Uganda kwa kupitia Kisekka. Uliza asili yake kabla ya kufika Gatuna au Rusumo, maana tofauti hiyo inaweza kumeza faida yote.

Wapenzi wa magari haya wapo. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na tangu 2003 mashindano ya East African Safari Classic huyarudisha magari ya enzi hizo barabarani. Lakini kila modeli ina kipimo chake, na hili si soko la kujaza kontena. Afadhali kuleta karatasi bapa za kukatwa hapahapa, pamoja na klipu na gundi inayohimili joto.

Uamuzi basi ni huu. Gari kavu, lenye rangi mpya na nafasi ya kutosha, bandika. Linalovuja, au linalochemka kila likipanda kilima, acha bati wazi na utengeneze injini. Kwa vyovyote vile, weka mtungi wa poda wa kuzimia moto karibu na kiti cha dereva.