Ndovu Mayatima wa Makueni na Nazi Yetu

Jina la Aisha ni la mabinti zetu, lakini Aisha ninayemtaja hapa alikuwa mtoto wa ndovu. Bi Daphne Sheldrick alimlea huko Tsavo mwaka 1974, baada ya wachanga wengine kumfia mikononi, kwani maziwa ya ng'ombe hayawapatani. Dawa aliipata katika kitu kisichokosa jikoni mwetu: nazi. Maziwa ya unga ya watoto, yakitiwa mafuta ya nazi, yalimweka Aisha hai.

Alipotimiza miezi sita hivi, Bi Daphne aliondoka kwenda kumwoza binti yake. Yule mtoto, ambaye hakumjua mama mwingine, alinyong'onyea hata akafa. Tangu hapo mtoto wa ndovu halelewi na mtu mmoja, bali na walezi wanaopokezana zamu, usiku na mchana.

Nilikuwa Mbooni, nikateremka hadi Kibwezi, zote zikiwa ndani ya kaunti ya Makueni. Huko, kwenye chemchemi ya Umani, shirika la Sheldrick lilifungua makao mwaka 2014 kwa ndovu mayatima walio dhaifu. Miongoni mwa waliotangulia ni Murera na Sonje, wote wawili wenye miguu iliyoumizwa. Maji na majani yako karibu, hawana haja ya kutembea mbali.

Gharama hubebwa na wafadhili walio pembe zote za dunia. Mtu huchagua yatima wake, akatoa kuanzia dola 50 kwa mwaka, akapewa cheti na habari zake kila mwezi. Lakini hammiliki. Mnyama akishapata nguvu hurudi mwituni, na mfadhili hadai kitu. Sisi tunaojua wakfu ni nini, jambo hilo si geni kwetu.

Wako watakaouliza: mayatima wa binadamu wamejaa, ya nini fedha kwenda kwa ndovu? Swali hilo ni la haki. Na mkulima wa Kibwezi analo lake, kwani ndovu akiingia shambani usiku mmoja, mahindi ya msimu mzima yamekwisha. Ufadhili usiomkumbuka jirani huyo ni nusu ya wema. Hata hivyo, kumnywesha mnyama hakumzuii mtu kumlisha mtoto wa nduguye.

Tena, ndugu msomaji, tusijione watazamaji tu. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba iliteremsha pembe za ndovu hadi Mombasa, wafanyabiashara wetu wakazinunua, majahazi yakazipakia. Faida tuliila. Leo wageni wa mbali ndio wanaolipia maziwa ya wajukuu wa ndovu wale. Kutoa ni moyo, si utajiri, na deni hata likiwa la babu, mjukuu mwema hulikumbuka.