Kupunguza Tanga Katika Jahazi: Kazi na Maneno Yake

Mtu aliyejifunza mambo ya bahari katika vitabu vya Ulaya, akisikia kwamba nahodha amepunguza tanga, hudhani mara moja kwamba sehemu ya kitambaa imekunjwa na kufungwa, na sehemu iliyobaki inaendelea kukokota chombo. Ndivyo ilivyo katika mashua nyingi za Kizungu. Tanga lao lina safu mbili au tatu za vikamba vifupi vilivyotiwa kitambaani. Baharia hulishusha kiasi, akafunga safu moja, kisha akalipandisha tena likiwa dogo. Jahazi la pwani ya Afrika ya Mashariki kwa desturi halina vikamba hivyo. Tanga lake ni pande moja kubwa lililofungwa katika foromali, na foromali yenyewe aghalabu hukaribia urefu wa chombo au huuzidi. Tanga la namna hii ama liko juu ama liko chini. Kwa hiyo neno "kupunguza", litumiwapo juu ya jahazi, lina maana pana zaidi, na mfasiri asiyelijua jambo hili hataielewa sawasawa habari ya dhoruba anayoifasiri.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini jambo lenyewe ni la hatari. Nguvu ya upepo juu ya tanga haiongezeki sawasawa na mwendo wa upepo, bali huongezeka kwa kipeo cha pili. Upepo wa maili 10 za bahari kwa saa ukipanda kufika maili 20, nguvu yake haiwi mara mbili, huwa mara nne. Upande wa pili wa hesabu hiyo ni kwamba nahodha atakaye chombo chake kisukumwe kwa nguvu ile ile ya kwanza angepaswa kubakiza robo tu ya tanga alilokuwa nalo. Kusi inapovuma kwa nguvu, hasa Juni na Julai, wingu jeusi lenye mvua huweza kuleta badiliko la namna hii kwa muda wa dakika chache. Wala si uzito wa upepo peke yake. Sehemu kubwa ya tanga la jahazi iko juu sana, na kila msukumo unaopiga juu hukilaza chombo zaidi kuliko msukumo unaopiga chini.

Foromali huinuliwa kwa kamba nene iitwayo henza, ambayo hupita katika kichwa cha mlingoti na kushuka nyuma yake. Mwisho wa henza umefungwa gofia, yaani kapi ya juu. Chini, karibu na sitaha, iko kapi nyingine, abedari. Na kamba ipitayo baina ya kapi hizi mbili ndiyo jarari. Msomaji na atazame jambo moja hapa. Henza na jarari, zikiwa zimekazwa, hufanya kazi mbili: zinaishikilia foromali juu, tena zinausaidia mlingoti usipinde kuelekea mbele. Ajaye kuilegeza jarari anaondoa tegemeo la mlingoti katika saa ile ile ambayo upepo ni mkali kabisa. Ndiyo sababu jarari hailegezwi kwa pupa. Huzungushwa mahali pa kufungia mara mbili au tatu, na mwenye kuishika huiachia kidogo kidogo, hali akiyatumia mazungusho hayo kama breki.

Urefu wa jarari pia ni jambo la kuangaliwa. Ikiwa kamba imepita mara nne baina ya gofia na abedari, basi foromali ikishuka mita 8, mita 32 za jarari zitapita mikononi mwa baharia na katika kapi. Kamba hiyo yote lazima iwe imepangwa kwa duara safi tangu mapema. Pindo moja likijifunga na kukwama katika kapi, foromali husimama nusu ya njia, na nusu ya njia ndipo pabaya: tanga limefanya mfuko mkubwa uliojaa upepo, na hapana awezaye kulishusha wala kulipandisha. Zamani kamba za makumbi ya nazi zilivimba zikilowa na kukwama kwa sababu hiyo. Kamba za nailoni za siku hizi hazivimbi, lakini huteleza na kuunguza viganja. Kila moja ina kosa lake. Mtu asimame ndani ya duara la kamba hiyo? Hata mtoto wa chomboni hukatazwa siku ya kwanza.

Tanga lenyewe huongozwa na kamba mbili ambazo majina yao yanastahili kuchunguzwa. Pembe ya mbele inashikwa na joshi, na pembe ya nyuma inashikwa na demani. Mabaharia wa Ghuba nao wana majina yanayofanana na haya, na demani inakubaliana na neno la Kiajemi lenye maana ya pindo la nguo. Lakini katika Kiswahili majina haya yamekwenda mbali kuliko kamba. Upande wa joshini ni upande upepo unakotoka. Upande wa demanini ni upande upepo unakokwenda. (Demani ni jina la majira pia, wakati kusi inapopoa baada ya Agosti, lakini hiyo ni habari ya makala nyingine.) Faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kulia na kushoto havibadiliki chombo kigeukapo, hali joshini na demanini hubadilika pamoja na upepo. Usiku wa giza, mvua ikipiga usoni, baharia akiitwa aende joshini hana haja ya kufikiri chombo kimeelekea wapi; upepo unaompiga shavuni umekwisha kumwonyesha. Huko joshini ndiko watu hukimbilia ili uzito wao ukisaidie chombo kisilale, na demanini ndiko tanga linakopaswa kuangukia.

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Tanga la jahazi hushuka vizuri iwapo upepo unaliweka mbali na mlingoti, upande wa demani. Upepo ukiligeukia na kulisukuma juu ya mlingoti, foromali hubanwa, na hata jarari ikiachiliwa yote haishuki. Chombo kilichopatwa na hali hiyo hurudi nyuma, usukani haufanyi kazi yake, na mlingoti huweza kuvunjika. Nahodha aliyechelewa hupatwa na kishawishi cha kuuelekezea upepo omo ili tanga lipoteze nguvu, kama wafanyavyo wenye mashua za Kizungu. Katika jahazi kufanya hivyo ni kuukaribisha msiba uliokwisha kuelezwa.

Kwa hiyo desturi iliyo salama, ikiwa kuna nafasi ya bahari, ni kukiacha chombo kiende na upepo. Hesabu yaliunga mkono jambo hili. Chombo kiendacho maili 6 kwa saa mbele ya upepo wa maili 18 huhisi upepo wa maili 12 tu, na nguvu ya upepo huo ni chini ya nusu ya nguvu ambayo kingeipata kama kingekuwa kimetia nanga. Lakini sharti la "nafasi ya bahari" si dogo. Kwenye mikondo ya Lamu, au baina ya mafungu ya Mafia, mbele ya upepo pana mwamba mara nyingi kuliko pasipokuwa nao, na huko nahodha hulazimika kulishusha tanga kabla ya upepo kufika, maana baadaye hatakuwa na mahali pa kukimbilia. Tena kukimbia kuna hatari yake: msukani akiteleza kidogo, upepo huweza kuliruka tanga na kulitupa upande wa pili kwa kishindo.

Chombo kikisha kwenda na upepo, demani hulegezwa kwa kiasi. Ikiachiliwa yote, tanga hupigapiga kama bendera, nalo huweza kupasuka au kujizungusha katika foromali. Kisha jarari huachiliwa, na watu wengine huvuta kitambaa ndani ya chombo kwa mikono, wakikilalia kwa vifua vyao upepo usiingie tena. Hamrawi, kamba inayoizuia foromali isiyumbe, hushikwa mpaka foromali imelala. Tanga likianguka majini hujaa maji, nalo laweza kukivuta chombo ubavu hata kikapinduka. Baada ya hayo, katika majahazi makubwa, tanga dogo hufungwa katika foromali mahali pa lile kubwa. Kazi hiyo ni ya polepole, kwa kuwa vifundo vyote vya tanga la kwanza hufunguliwa kimoja kimoja. Haifanywi katikati ya dhoruba bali kabla yake, au baada ya ukali wa kwanza kupita. Katika ngalawa habari ni fupi zaidi: tanga ni dogo, kamba ikiachiliwa upepo humwagika, na mtu mmoja akipanda juu ya mrengu chombo husimama tena.

Katika amri zinazotolewa wakati huo, mwanafunzi wa lugha hukuta mambo mawili yaliyokutana. Majina ya vifaa, kama demani, joshi na foromali, yanawaunganisha mabaharia wa pwani na wenzao wa bandari nyingine za Bahari ya Hindi. Vitenzi, kwa upande mwingine, ni vya Kibantu kabisa. Tanga hutwekwa, na tanga hutuliwa. "Tweka" ni ndugu wa "twika", yaani kumwinulia mtu mzigo kichwani. "Tua" ni kuuweka mzigo chini. Vitenzi hivi vina mzizi mmoja wa kale, ulioongezwa kiambishi cha kutenda katika kimoja na kiambishi cha kutendua katika kingine, na jozi hii inapatikana katika lugha nyingi za Kibantu za bara ambako hapana bahari wala tanga. Watu wa pwani waliupata mlingoti, wakauona kama kichwa, na tanga kama mzigo wake. Amri "Tua!" ina silabi mbili tu, na haihitaji jina la kitu. Pale ambapo upepo unameza sauti, ufupi huo una thamani. Kamusi iliyoandika tu kwamba jarari, henza na demani ni "kamba za tanga" imesema kweli, lakini imemwacha msomaji asijue ni kamba ipi ikiachiliwa tanga hushuka, na ipi ikiachiliwa tanga hupasuka.

Iko sababu nyingine inayowafanya manahodha wachelewe, nayo haimo katika hesabu ya upepo. Kutua ni kazi ya watu wachache na dakika chache, kwa kuwa uzito wa foromali wenyewe huisaidia kazi. Kutweka ni kazi ya watu wote. Katika majahazi makubwa mabaharia hujipanga juu ya jarari na kuvuta kwa pamoja kwa kufuata wimbo wa serahangi, hatua kwa hatua, na baada ya mvua kitambaa kilicholowa huwa kizito kuliko kilivyoshuka. Nahodha aonaye wingu lisilo na hakika hujua kwamba akitua bure atawachosha watu wake, na pengine watanung'unika. Akisubiri, labda wingu litapita kando. Chombo chenye mabaharia wachache humtia katika majaribu makubwa zaidi, na majahazi mengi ya leo, kwa kuwa yana mashine, husafiri na watu wachache kuliko yale ya zamani. Mashine ikizimika katikati ya mkondo, foromali ni ile ile nzito, na walio juu ya jarari ni watatu mahali pa wanane.

Ndiyo maana baadhi ya manahodha, wingu likiwa bado mbali, hawaamuru lolote juu ya tanga. Humwita kijana mmoja na kumtuma akaipange jarari.