Simu Iliyozimika Katikati ya Kazi

Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watatu, aliiacha simu yake usiku ipokee programu mpya, na chaji ikaisha kabla kazi haijatimia. Asubuhi ikawa yaonyesha nembo ya tofaa tu, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mumewe, wala nakala yake haikuwapo mahali pengine. Fundi wa kwanza alimwambia hapana budi vyote vifutwe.

Wasomaji wetu wapendwa, msilikubali neno hilo upesi. Programu iendeshayo simu ni kitu kimoja, na sauti na picha zilizohifadhiwa ni kitu kingine. Kuharibika kwa ile si lazima hizi nazo zipotee. iPhone 8 na nyingi zilizoifuata huunganishwa na kompyuta kwa waya. Kitufe cha kuongeza sauti hubonyezwa na kuachwa mara moja, halafu cha kupunguza, kisha cha ubavuni hushikiliwa mpaka ionekane picha ya waya na kompyuta. Hapo kompyuta huuliza: kusasisha ama kurejesha? Hapa ndipo penye hatari. Kusasisha hujaribu kuweka programu upya pasipo kuvigusa vilivyomo. Kurejesha hufuta vyote. Ikiwa upakuaji wazidi dakika 15, simu yaweza kutoka katika hali hiyo, nanyi mtaanza tena, hapana ubaya.

Kijana wake wa pili alichagua la kwanza, mkono ukimtetemeka. Adhuhuri sauti ya mzee ilisikika sebuleni, ikiwaita watoto waje kula.