Zebaki ni ileile, miili hailingani

Wachimbaji wadogo wa dhahabu Handeni hutumia zebaki kukamatia dhahabu, kisha huichoma. Wawili wanaweza kuvuta moshi uleule, mmoja akaanza kutetemeka mikono, mwenzake asionyeshe dalili. Sababu mojawapo ni vinasaba: vinavyosimamia glutathioni, kemikali ya mwili inayosaidia kuondoa zebaki, hutofautiana hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Lakini baba, usijipime kwa afya yako. Ukirudi nyumbani Korogwe na nguo za kazini, unabeba zebaki. Kwa mjamzito, hupenya kondo la nyuma na kudhuru ubongo wa mtoto, ambaye vinasaba vyake si vyako vyote. Nguo zibaki kazini, na dhahabu isichomwe jikoni.