Klachi inapobadilishwa uani, watoto wakae wapi?

Dalili huanza mlimani. Pikapu imepakia mihogo kutoka Butiama kwenda Musoma, dereva anakanyaga mafuta, injini inanguruma lakini gari halipandi. Harufu ya kitu kinachoungua inajaa ndani. Klachi imekwisha.

Kwa familia inayokula kwa pikapu hiyo, kila siku gari linapolala ni siku isiyo na ada wala mboga. Kulivuta hadi gereji ya Bunda au Musoma mjini ni gharama nyingine. Basi fundi anaitwa nyumbani, au baba anatoa spana zake mwenyewe, na kazi inaanza chini ya mwembe. Inawezekana kabisa: jeki, spana, bisibisi, watu wawili wenye nguvu na siku nzima. Tatizo ni kwamba gereji hiyo ya siku moja ndiyo uwanja wa kuchezea watoto.

Jeki ni ya kunyanyulia gari, si ya kulishikilia. Gari likae juu ya stendi za chuma, kwenye ardhi ngumu na tambarare, magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Tofali la saruji linaweza kupasuka ghafla bila kutoa onyo. Waya wa betri ukishatolewa na propela shafti kufunguliwa, inafuata giaboksi, yenye uzito wa kilo 30 au zaidi, ikishuka juu ya mtu aliyelala chali. Jeki ya pili iibebe. Mtoto anayeitwa kushika tochi anakuwa amewekwa mahali pabaya kuliko pote.

Hatari nyingine haina kishindo. Giaboksi ikitoka, ndani kunaonekana vumbi jeusi lililosagika kutoka kwenye pleti ya klachi. Mafundi wengi hulipuliza kwa mdomo au kwa pampu. Kwa miaka mingi pleti hizo zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo Shirika la Utafiti wa Saratani Duniani (IARC) limeyaweka kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Pleti za siku hizi nyingi hazina, lakini kwa macho huwezi kutofautisha, hasa kwenye gari kuukuu. Ugonjwa wake hauji kesho. Mara nyingi huchukua miaka 20 hadi 40.

Mwaka 1965 watafiti wa London, Muriel Newhouse na Hilda Thompson, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa saratani ya utando wa mapafu. Baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi na asbesto. Waliishi na ndugu aliyeifanya, na wake walifua nguo za waume zao. Hao walikuwa watu wa viwandani, wenye vumbi la kila siku, na klachi moja nyumbani si sawa na hilo. Ila fundi anayefungua klachi kila wiki na kurudi kumbeba mtoto akiwa na ovaroli ileile anapaswa kulifikiria.

Kinga yake ni rahisi: maji. Vumbi lilowanishwe kwa maji ya sabuni, lifutwe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho kifungwe ndani ya mfuko. Ovaroli ilowekwe kabla ya kufuliwa, peke yake, bila kukung'utwa.

Halafu kuna chupa. Petroli ya kuoshea vyuma na mafuta ya klachi, ambayo ndiyo yale ya breki, huwekwa kwenye chupa ya soda, na mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Akinywa petroli, asitapishwe wala kupewa maziwa; ikipanda tena inaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe hospitali haraka, na chupa iende naye.

Pleti mpya ikishawekwa katikati sawasawa, boliti za presha pleti zikikazwa kwa mkingamo kidogo kidogo, na beringi ya klachi ikibadilishwa hapohapo, gari huwaka na watoto wote hukimbilia kupanda nyuma. Wabaki chini. Mzunguko wa kwanza ni wa dereva peke yake, taratibu, barabara tambarare, kabla ya kilima chochote.